Gari la Pedeli Tano

Bibi aligoma tena katikati ya mlima wa soko. Injini ilinguruma kama inataka kuruka, lakini magurudumu hayakuwa na habari hiyo, na harufu ya kitu kinachoungua ikajaa ndani ya gari.

"Mimi sijafanya kitu, Mwalimu," alisema mwanafunzi, karani wa benki aliyekuwa akijifunza udereva kwa jasho. Vidole vilikuwa vimemganda kwenye usukani. "Nimekanyaga mafuta tu, kama ulivyosema."

"Najua si wewe," alijibu mwalimu kutoka kiti cha pili. "Namjua aliyefanya."

Mitaani walimwita Mwalimu Breki. Gari lake, ambalo zamani lilikuwa teksi nyeupe na sasa halikuwa na rangi ya kutajika, aliliita Bibi. Kilomita alizotembea Bibi zingemfikisha mwezini, na wenye utani walisema kwa mwendo wake lazima alikwenda kwa miguu. Kitu kimoja tu kilimtofautisha na magari mengine: alikuwa na pedeli tano. Tatu za dereva, na mbili za ziada upande wa mwalimu, klachi na breki, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu amwokoe. Kwa pedeli hizo mbili Mwalimu Breki alikuwa amewaokoa mbuzi, waenda kwa miguu, kuta za watu na mwanasheria mmoja aliyekuwa akivuka barabara huku akisoma.

Lakini klachi zilikuwa zinamwishia. Kile kisahani kinachoshikanisha injini na magurudumu kilikuwa kikiungua, kinabadilishwa, kinaungua tena kabla mwalimu hajasahau maumivu ya kukilipia. Mara ya mwisho alikuwa ameenda gereji mapema, na fundi alipogeuka kunawa mikono, yeye akakwaruza sahani mbovu kwa msumari, alama ndogo ya msalaba, ili aone kama haitarudishwa ndani ya gari ikiwa imepigwa msasa na kuitwa mpya. Safari hii fundi alipoifungua klachi iliyoungua, mwalimu aliinama akatafuta msalaba wake. Haukuwepo.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliwaza, basi huyu amechukua sahani kuukuu ya gari la mtu mwingine.

Hivi ndivyo tulivyo siku hizi, na inachoma moyo kuandika hili. Tunamshuku fundi kabla hajashika spana, tunamshuku daktari kabla hajatugusa, na tukimpata mtu mwaminifu tunamshuku maradufu, kwa sababu hatujui anataka nini. Nchi nzima inaweza kukaa hivyo, kila mtu na msumari wake mfukoni.

"Imekwisha, Mwalimu," alisema fundi.

"Imekwisha sasa, au ilikuwa imekwisha siku ulipoiweka?"

Fundi alijifuta mikono kwa tambara. "Wewe ungekuwa daktari, Mwalimu, mgonjwa angezikwa na bado unampima kama kweli amekufa. Nilikuwekea mpya. Kuna kitu kinaila. Labda wanafunzi wanalaza mguu juu ya klachi."

"Wanafunzi wangu? Nikiwa nimekaa pale pale?"

"Basi sijui. Bibi amechoka. Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia ubadilishe gari. Shemeji yako si analo moja zuri?"

Mwalimu Breki alimkazia macho. Fundi amejuaje kuwa shemeji alitaka kumpa gari?

Shemeji, kaka wa mkewe, aliuza magari yaliyotumika. Alikuwa ametoa ofa yake sebuleni, akiwa amekunja nne: achukue Bibi kama alivyo, achukue na chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara, aweke humo duka la matairi, naye atoe gari changa, safi, linalopanda milima likiimba. Chumba hicho ndicho mke wa mwalimu alichoshonea sare za shule. Cherehani yake ilikuwa humo, wateja wake waliujua mlango huo.

Mwalimu alikuwa amemgeukia mkewe. "Mama watoto, unasemaje?"

"Wewe ndiye unayejua magari," alijibu. "Mimi najua uzi na sindano."

Mwalimu alilishuku jibu hilo. Mwanamke anakaribia kunyang'anywa chumba chake na hapandishi hata sauti? Tangu siku hiyo alianza kuhesabu ishara. Mkewe alikata simu yeye alipoingia. Gari la shemeji lilionekana limeegeshwa gereji, na shemeji na fundi wakiwa wameegemea boneti wanacheka, wakaacha kucheka walipomwona. Ndugu wawili wa damu na fundi mmoja, na yeye katikati, na Bibi akiuawa taratibu ili anunue wanachotaka wao. Aliyapanga yote kichwani yakakaa vizuri, na kwa kuwa yalikaa vizuri akaamini ni kweli.

Hata hivyo, asubuhi baada ya Bibi kugoma mlimani, alikwenda kulijaribu gari la shemeji. Mtu atafundishaje udereva kwa miguu?

Alilizunguka kama mtu anayekagua mahari ya bintiye. Aliinua zulia akanusa kama kulikuwa na maji. Alibonyeza kiti cha dereva, akainama akazitazama pedeli.

"Shemeji, namba za kilomita hapa zinasema gari hili ni mtoto. Kiti kinasema ni mtu mzima. Na raba za pedeli ni mpya kabisa. Raba ya pedeli haidanganyi, ndiyo maana watu wanaibadilisha."

"Nimezibadilisha zipendeze," alisema shemeji bila haya. "Wewe ulipokwenda kuoa ulivaa viatu vya zamani? Panda, twende."

Shemeji aliendesha. Mwalimu alikaa kiti cha pili, masikio yamesimama, akisikiliza bolti kwa bolti. Walipita kituo cha mafuta, wakaingia mlima wa soko. Gari lilipanda vizuri, na hilo nalo alilishuku.

"Shemeji," alisema mwenzake ghafla, "unakanyaga nini huko?"

"Nini?"

"Huko chini. Unakanyaga nini? Hakuna pedeli huko, tulia. Gari likiwa bovu utanilaumu mimi, zulia likitoboka nitakudai wewe."

Mwalimu Breki alitazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imekakamaa kwenye zulia, vidole vimebana ndani ya viatu. Aliiondoa. Walipofika kona iliyofuata alitazama tena, na ilikuwa imerudi pale pale, wala hakujua imerudi saa ngapi.

Kileleni alimgeukia shemeji. "Nishushe gereji," alisema.

Bibi alikuwa amenyanyuliwa juu ya jeki. Mwalimu alifungua mlango wa dereva, akawasha tochi ya simu. Raba za pedeli za dereva zilikuwa zimechakaa, lakini mistari yake bado ilionekana. Akazunguka upande wake. Raba ya breki ilikuwa nyembamba. Raba ya klachi haikuwepo tena. Kilichobaki kilikuwa chuma kitupu, kimeng'aa kama kijiko, na katikati kimebonyea kwa umbo la soli ya kiatu. Soli ya kiatu chake.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwachia mwanafunzi gari hata kwa mtaa mmoja. Kila mmoja alipodhani anaendesha, mguu wa mwalimu ulikuwa juu ya klachi, umelala kidogo tu, tayari kwa kosa ambalo halijatokea. Na kidogo hicho kilitosha kuiunguza.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama pedeli, akatazama kiatu. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu zaidi.

"Weka klachi mpya," alisema mwalimu.

"Halafu baada ya muda uniite mwizi."

"Weka. Na hii ya upande wangu ing'oe. Niachie breki peke yake."

"Sawa."

Mwalimu alikohoa. "Siku ile, wewe na shemeji mlikuwa mnacheka nini?"

"Tulikuwa tunakucheka wewe, Mwalimu. Niliuona ule msalaba wako wa msumari."

Nyumbani alikuta chumba cha mbele kimefungwa dirisha. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa ndani ya magunia, cherehani imefunikwa shuka. Mkewe alikuwa akifunga gunia la mwisho.

"Shemeji hachukui chumba," alisema mwalimu. "Nimekataa gari."

Mkewe aliendelea kufunga fundo.

"Kwa nini hukusema, mke wangu? Kama hukutaka, kwa nini hukusema?"

"Kila siku kaka ananipigia simu nikushawishi, namkatia. Wewe ulinitazama pembeni kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nasubiri uniulize, baba watoto. Uniulize kama mtu anayetaka jibu."

Mwalimu Breki alishika gunia la kwanza, akalifungua, akaanza kurudisha vitambaa rafuni. Aliviweka ovyo, bluu juu ya kaki, na mkewe alivitazama kwa muda kabla hajamsogeza pembeni na kuvipanga mwenyewe.

Karani wa benki aliporudi kwenye somo, walifika chini ya mlima wa soko na mbele yao kulikuwa na mkokoteni.

"Mwalimu, umeshika?"

Mguu wake ulitafuta klachi, ukakuta zulia. Ukatafuta tena.

"Sijashika," alisema. "Ni wewe."

"Mungu wangu."

"Gia ya kwanza. Achia klachi taratibu."

Bibi alitetemeka, akajongea, akaanza kupanda. Karani alikuwa akiomba kwa sauti. Mwalimu Breki aliikunja miguu yake chini ya kiti, akaibana mmoja kwa mwingine, na njia nzima mpaka kileleni alikuwa akinusa hewa, kama kuna kitu kinachoungua.