Wimbo wa Shangazi Mwanaidi

Nikisikia harufu ya betri zilizopata joto la jua, uso unanishuka kwa aibu. Msinicheke. Kwetu Kilosa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu, betri za redio zikichoka tulizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Siku ile nilizianika mimi, kwa ajili ya kaseti mpya.

Baba aliileta kutoka Morogoro: nyimbo za zamani za mwimbaji aliyependwa nchi nzima, zimekusanywa pamoja. Wanawake wa mtaa wakajaa uani kwetu, wengine na mchicha wao wa kuchambua. Aliyevaa khanga mpya, doti nzima, alikuwa mmoja tu: Shangazi Mwanaidi, dada yake baba.

Shangazi alikuwa ameachika, hana mtoto, anaishi chumba cha uani. Ila alikuwa na jambo lake. Usichanani mwake bendi ya yule bwana ilipiga Kilosa, naye, kwa maelezo yake, akatungiwa wimbo wenye jina lake. Akisonga ugali aliimba ubeti wake. Hakuna mwingine aliyewahi kuusikia ukipigwa.

Tukasikiliza upande wa kwanza, tukageuza. Kila wimbo ulipoanza Shangazi alikaa sawa, kisha akasema, "Bado, unakuja." Mwishowe kaseti ikaisha, kitufe kikaruka.

"Ehe, Mwanaidi, wako umeliwa na panya?" akauliza Mama Tatu, jirani yetu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Shangazi akanigeukia. Nilikuwa darasa la tano, msomaji wa barua za nyumba nzima. "Hebu soma kwenye kava, mwanangu. Labda umerukwa."

Jamani, ningeweza kusema lolote. Ningesema kaseti moja haitoshi nyimbo zote za mtu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, kichwa kikavimba. Nikasoma majina yote kwa sauti ya kimwalimu, nikasema, "Haumo. Hakuna wimbo kama huo. Shangazi alitudanganya."

Walicheka mpaka mchicha ukamwagika, nami nikacheka nao. Shangazi akakusanya khanga yake, akaingia jikoni. Tangu siku ile alisonga ugali kimya.

Kama wimbo ulikuwepo, sijui mpaka leo. Utotoni nilidhani tunabishana juu ya wimbo. Nilikuwa mtu mzima, nami nimeachika, ndipo nilipoelewa kuwa mwanamke yule alikuwa na mahali pamoja tu ambapo jina lake liliwahi kutajwa kwa mapenzi.

Wakati huo alishahamia Mikumi. Nikamfuata kumwomba radhi. Aliitikia shikamoo yangu kwa furaha, akanipikia. Kabla sijapata pa kuanzia, akaingia binti wa jirani, akaniuliza kama ni kweli bibi huyu aliwahi kuimbiwa wimbo, maana amesikia kwa watu wa Kilosa.

"Aa, nilijidanganya tu ujanani," Shangazi akamjibu kwa upole. "Muulize huyu, ndiye aliyesoma."

Nilimtazama usoni nione kama ananisimanga. Hakuwa ananisimanga. Alikuwa ameniamini.