Mjomba aliuza ng'ombe wa mahari akanunua fimbo ya kuvulia papa, tukaenda nayo bwawa la Hombolo

Wakuu, heshima zenu, wa bara na wa pwani. Mliozaliwa kabla ya mama yangu, shikamooni.

Nimelipia nusu saa hapa internet cafe, na keyboard niliyopewa herufi A mpaka uipige ngumi. Mkiona neno limepungukiwa A, jazeni wenyewe.

Nimeona jamaa wa Dar kule chini anauliza kama ni busara kununua zile fimbo za gharama za kuvulia samaki ukiwa ufukweni, zile mnazoita surf fishing, tena za premium. Mmemjibu kurasa tatu, watu wanatukaniana mama zao kwa ajili ya carbon ya kutengenezea fimbo.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Bahari naijua kwenye ramani, ni ile sehemu waliyopaka bluu.

Lakini fimbo hiyo imepita kwenye ukoo wetu. Nitakachosema ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi hata punje moja, basi mtihani wa hesabu unifanye tena ulivyonifanya mwaka jana.

Tuanze na mwenye fimbo.

Mjomba wangu Lameki, mdogo wake mama, ni dereva wa ofisi moja hapa mjini. Anakaa chumba cha uani, hapohapo tunapopanga Ipagala. Mchumba wake alikuwa Mwalimu Joyce, aliyenifundisha darasa la sita. Alama za mafundisho yake bado ninazo, nikikaa kwenye benchi gumu nazihisi.

Baba yake Joyce ni Mzee Ndahani wa Hombolo. Alitaja mahari: ng'ombe sita. Wajumbe wake wakaenda Mvumi kwa babu, ambako mjomba anafuga, wakaingia zizini, wakawakagua mmoja mmoja na kuwataja kwa rangi zao.

Wasio wa huku niwaeleweshe. Ng'ombe akishakaguliwa hivyo, hata kama bado anakula majani yako, ni wa mkwe. Wewe umebaki mchungaji tu. Hata akikohoa unapeleka taarifa.

Walikuwa wapelekwe baada ya mavuno. Mzee Ndahani alisema maneno machache sana: "Sita. Sitaki watano na hadithi."

Sawa.

Sasa miaka hii kila kitu kinaingia nchini. Babu anasema zamani ulikuwa na hela, duka halina kitu. Siku hizi duka lina kila kitu, mpaka vitu ambavyo hujui vinaingizwa wapi mwilini. Mgeni mmoja pale ofisini kwa mjomba akasahau katalogi ya vifaa vya kuvulia. Mjomba akaiokota. Wakuu, mtu huyu hajawahi kumaliza gazeti, lakini ile katalogi aliisoma kuliko mchungaji anavyosoma Waraka kwa Warumi.

Aliposafiri na bosi Dar, akalikuta duka lenye fimbo ileile ya kwenye picha.

Akarudi, akapanda kwenda Mvumi, akamwambia babu kwamba ng'ombe wa sita, anaitwa Mabaka, ana homa na anampeleka kwa daktari wa mifugo.

Ng'ombe akaenda kutibiwa, ikarudi fimbo.

Mama alipojua alishika kiuno. "Lameki, Mabaka si wako! Ameshakaguliwa!"

"Dada tulia. Hombolo kuna kambale wakubwa kama mbwa. Wiki tatu tu nauza samaki pale soko la Majengo, narudisha Mabaka wawili."

"Watu wa Hombolo wanavua kwa kijiti."

"Ndiyo maana hawaendelei."

Mama akaniangalia mimi, kama vile nimeuza mimi.

Niielezee hiyo fimbo, maana haki ni haki. Nyeusi, inang'aa, vipande vitatu, ukiiunga inapita urefu wa nyumba yetu. Mashine yake ya kukunja kamba, wenyewe mnaita reel, ukiizungusha inalia kwa adabu, kama mtoto wa tajiri. Kamba nyembamba kama uzi wa kushonea, lakini kwenye boksi wamechora papa anavutwa nayo na amekunja uso. Ndoano zimefungwa kwenye samaki wa plastiki aliyepakwa rangi nzuri kuliko samaki yeyote aliyewahi kufika Dodoma.

Mjomba alilala nayo kitandani. Naapa. Alilala yeye ukutani.

Jumamosi ya kwanza akaniteua kubeba begi. Fimbo inakunjika, lakini mjomba aliiunga kuanzia uani ili majirani waione vizuri. Tulipofika kwenye kamba ya nguo, ikanasa. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za historia, kitu cha kwanza kuvuliwa na ile fimbo ni gauni la kulalia la mama mwenye nyumba. Kubwa, la maua. Lilipigana sana.

Tukafika Hombolo saa mbili asubuhi.

Pale bwawani kuna mama mmoja anaitwa Mama Chausiku, ana genge la kukaanga perege. Anavua mwenyewe. Fimbo yake ni mti wa mkole alioukata kichakani, uzi wa nailoni, ndoano moja, na kipande cha kandambili kinachoelea juu. Chambo ni minyoo, ameihifadhi kwenye kopo la maziwa. Anasimama palepale kwenye majani, maji ya magoti, mtoto mgongoni.

Mjomba akamwamkia kwa huruma, kama mganga mkuu anavyomsalimia mgonjwa. Akavua shati na suruali, akabaki na kaptula ya ndani na singlendi. Akarusha.

Wakuu, ilienda! Yule samaki wa plastiki alisafiri mpaka tukamsahau. Tulimsikia tu "chubwi" kule katikati ya bwawa.

Hakuna kitu.

Akarusha tena. Hakuna kitu. Mama Chausiku kavuta perege wa kwanza. Mjomba karusha. Mama Chausiku kavuta wa pili, kavuta wa tatu, mtoto mgongoni amelala.

"Baba," akasema yule mama, "samaki wako huku kwenye majani. Wewe unawapita kama basi la Mwanza linavyopita vijijini."

"Mama, hiki kifaa kinahitaji umbali. Ni cha bahari."

"Haya. Basi subiri bahari ije."

Saa sita mchana mjomba alikuwa ameshavua tawi moja na ndala moja, tena ya mguu wa kushoto. Njaa ikamshika. Akaenda gengeni kwa Mama Chausiku kununua samaki. Nisimulie hilo polepole: mwenye fimbo ya ng'ombe mzima alikwenda kununua perege kwa mwenye fimbo ya bure.

Akaniachia ile fimbo. "Ishike tu. Usirushe."

Hapo ndipo mjomba alipokosea. Huwezi kumpa kijana wa form three kitu kirefu chenye mashine halafu ukamwambia ashike tu.

Nikasogea pembeni, mahali ambapo bwawa lina mkono mwembamba, ng'ambo unaiona. Nikavuta pumzi. Nikarusha kwa nguvu zote nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya maisha.

Samahani wakuu, umeme ulikatika. Nimerudi. Jamaa wa hapa anasema dakika zilizopotea hazirudishwi, kama ujana.

Basi nikarusha. Sikusikia "chubwi".

Nikasikia "mooo".

Ng'ambo kulikuwa na ng'ombe wanakunywa maji. Samaki wa plastiki alikuwa amevuka bwawa zima na kumshika mmoja sikio. Ng'ombe akageuka, akaondoka. Hakutembea. Reel ikaanza kulia, ile sauti ya mtoto wa tajiri ikawa ya mtoto wa maskini.

Mjomba akasikia. Akaja mbio, mdomo umejaa samaki, mwiba umechungulia pembeni mwa mdomo.

"Kambale! Nipe! Nipe mimi! Ulishikilie, ni likubwa hilo!"

Akaninyang'anya fimbo, akakita miguu, akaegemea nyuma kama kwenye katalogi. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Analegeza, anavuta, analegeza. "Hii ndiyo premium!" anapiga kelele. "Mwambieni Dada! Hii ndiyo premium!"

Kamba haikukatika. Fimbo haikuvunjika. Niseme ukweli kwa faida ya jamaa wa Dar: yote waliyoandika kwenye boksi yalitimia.

Tatizo mjomba alikuwa anaangalia maji. Alipoinua macho kufuata kamba, sauti ikabadilika.

"We mtoto."

"Naam mjomba."

"Mbona samaki anapanda mlima?"

Kabla sijajibu ng'ombe akaongeza mwendo. Mjomba hakuachia. Mabaka mzima yuko kwenye ile fimbo, angeiachiaje? Akateleza kwenye tope kwa tumbo, akaingia majini na kaptula yake, anavutwa kwenda ng'ambo kama mtumbwi. Maji yalipomfika kifuani, ng'ombe alikuwa amezunguka mti wa mgunga na kamba imejifunga. Mvutano ukaishia hapo.

Ndipo tukamwona mwenye ng'ombe, mzee mrefu mwenye kofia na fimbo, ametoka chini ya ule mgunga, anatembea kuzunguka ncha ya bwawa kuja upande wetu. Hana haraka hata kidogo.

Mjomba alipoiona ile kofia, akazama mpaka shingoni. Kikabaki kichwa tu, kama kiboko.

Alikuwa Mzee Ndahani. Mkwe.

Kwetu mkwe hasimamiwi mbele na nguo za ndani. Hata chakula huli naye hovyo. Afadhali ukutane na simba, simba hana binti.

"Mbukwa," mzee akasalimia.

"Shikamoo baba," kichwa kikajibu kutoka majini.

"Marahaba. Toka."

"Siwezi baba. Sijavaa."

Mzee akageuka, akaangalia mawingu, kwa adabu kabisa. Mama Chausiku akamrushia mjomba kanga. Mjomba akatoka amejifunga kanga ya bluu iliyoandikwa ULIFIKIRI NI RAHISI. Sikuitunga mimi, iliandikwa.

Mzee akaikagua fimbo. Akaikunja, akaiachia, akaizungusha reel. Akaniuliza mimi, maana mjomba alikuwa anatetemeka meno:

"Kijana, kitu hiki kimenunuliwa kwa kiasi gani?"

Wakuu, niliona hapa ndipo pa kumpandisha mjomba chati. Mkwe ajue binti yake anaolewa na mtu mwenye uwezo.

"Babu, hiyo si mchezo! Hiyo ni ng'ombe mzima! Mabaka!"

Mjomba akafumba macho.

"Mabaka yupi?"

Nikajua nimeharibu. Lakini mdomo wangu ukishashika kasi hauna breki. "Wa Mvumi," nikasema, kwa sauti ya mbu.

Mzee akahesabu kwa vidole mpaka sita, akakunja kimoja. Kisha akasema taratibu:

"Lameki. Umemuuza ng'ombe wangu, ukanunua fimbo. Halafu fimbo ya ng'ombe wangu ukaja nayo kumvua ng'ombe wangu mwingine."

"Baba, ni mtoto aliyerusha."

"Mtoto ndiye aliyemuuza?"

Mama Chausiku aliingia nyuma ya genge. Tulisikia sufuria zinaanguka na mtu anacheka mpaka anakohoa.

Hukumu ilikuwa fupi. Fimbo inabaki kwa mzee. Siku Mabaka akirudi zizini, au mwenzake wa kufanana naye, ndipo habari ya Joyce itazungumzwa. Asiporudi kabla ya mavuno kuisha, kuna mwalimu mwenzake Joyce huko Mlali ameshatuma salamu za uchumba. Na mimi, likizo nzima, nichunge ng'ombe wa mzee, nikianza na kumpaka dawa yule aliyetobolewa sikio. Nilimwita Kambale. Jina limeshika, hata mzee siku hizi anamwita hivyo.

Nilivyokuwa nachunga nilimwona mjomba kila Jumamosi. Alikuja na fimbo ya mkole aliyoikata mwenyewe na kandambili aliyoikata kwenye ndala yake. Akasimama kwenye majani, maji ya magoti, karibu na Mama Chausiku, akatukanwa vizuri mpaka akajua. Akavua perege. Akauza redio yake pia, na suti, na kile kitanda alicholala na fimbo.

Jumapili moja niliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Joyce alikuja uani kwetu, akamkuta mjomba analala kwenye mkeka. Sijui walizungumza nini, nilifukuzwa dirishani. Ila alipotoka alikuwa anafuta machozi na anacheka kwa wakati mmoja, na aliniwekea maandazi.

Wiki ya mwisho ya mavuno mjomba akapeleka mtamba mwenye mabaka. Mzee Ndahani akamzunguka mara tatu, akamwangalia masikio yote mawili. "Hajatobolewa," akasema. Akapokea.

Wameoana. Mwalimu Joyce sasa anaishi uani kwetu na anakagua madaftari yangu bila kuombwa. Kila mtu kapata hasara yake.

Mnauliza fimbo iko wapi?

Mzee Ndahani alinunua televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, na kule Hombolo picha zilikuwa zinakuja kama mvua ya mchanga. Akaisimamisha ile fimbo juu ya paa na kufunga antena kwenye ncha. Upepo ukiigeuza, inabidi mtu apande. Na kwa kuwa kuna mkwe mmoja tu aliyesoma katalogi yake, kila tukienda kusalimia mjomba yuko juu ya bati ameikumbatia fimbo yake, na mzee yuko ndani anaelekeza: "Geuza! Ulipita! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usipumue!"

Nilichojifunza: kifaa hakina kosa. Kilirusha mbali, kilivuta ng'ombe. Ila muuza kifaa hakwambii samaki wako wapi. Hilo analijua aliyesimama kwenye maji, na ukimwamkia vizuri anakwambia bure. Halafu ng'ombe aliyekaguliwa usimguse hata kwa mawazo.

Nimebakiza dakika mbili. Wenye uzoefu wa fimbo hizi tiririkeni, na wanaotaka kumtukana mjomba wapange foleni nyuma ya mama yangu.

Na wewe jamaa wa Dar, kabla hujalipa, mwulize muuzaji kama inashika taarifa ya habari bila chenga. Ya kwetu inashika, mradi mjomba asipumue.