Firigisi na Kata Moja ya Maji

Enzi zetu kule Kitangari, kuku mzima alisafishwa kwa kata moja ya maji. Moja! Nyie mnaofungulia bomba mpaka sakafu inaogelea hamwezi kuelewa. Maji tuliyateremkia bondeni alfajiri, tukayapandisha kichwani mpaka shingo zinakakamaa. Kwa hiyo Baba akishachinja, Mama alinikabidhi kisu na onyo: "Ukipasua nyongo, utakwenda kuteka mwenyewe."

Ndivyo nilivyoujua mwili wa kiumbe. Kuku nilimnyonyoa mkavu, nikambabua motoni harufu ya manyoya ikanijaa puani, nikamfungua taratibu. Gole hili hapa chini ya shingo, limejaa mtama. Ini lile, na nyongo imejificha chini yake. Halafu firigisi, ngumu kama ngumi ya mtoto, ndani changarawe na ngozi ya njano ambayo ukiipatia inabanduka yote. Naimenya, naikaanga, naipeleka kwa Baba. Firigisi si ya wanawake, tuliambiwa. Haya.

Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia. Madukani sabuni za rangi, gulioni mitumba, shuleni hata chaki hakuna. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja darasa la sita zima, na kilishinda kwenye dawati la wavulana. Tukikiomba sisi wasichana, kiranja wetu Hamisi anajibu, "Mtakipaka masizi." Nilikitaka kitabu kile mpaka nikakiota.

Siku moja shule ilitarajia wageni. Mwalimu wa sayansi akaleta darasani kuku wawili wa kuwapikia, wameshachinjwa na kunyonyolewa, na ndoo moja ya maji. "Maabara yetu ndiyo hii," akasema. "Atakayemfungua vizuri na kunieleza, kitabu atakaa nacho likizo yote."

Hamisi akawahi. "Kazi ya jikoni, itamshinda nani?" Akachoma kisu kama anachimba muhogo. Nyongo ikapasuka, maji ya kijani yakatapakaa kwenye nyama, nusu ya ndoo ikaishia hapo kwa kuosha.

"Hamisi, umewapikia wageni mwarobaini!" darasa likapasuka kwa kicheko.

Kuku wa pili nikamchukua mimi, na nyongo sikuipasua. Nikaipasua firigisi tu, nikamwonyesha Mwalimu changarawe. "Kuku hana meno, anasagia humu. Mbuzi meno anayo, lakini tumbo lake lina vyumba vyumba, kimoja kama taulo, kingine kina kurasa, vile tunavyoosha sikukuu. Anakula, anarudisha mdomoni, anacheua."

"Na kupumua?"

"Hawa wawili wana mapafu. Samaki ana mashavu ya kupumulia, hata yule mkavu wa kutoka pwani ukimfunua unayaona. Chura akiwa mdogo dimbwini ana mashavu, akikua anapata mapafu, na ngozi yake mbichi ile nayo inapumua, ulitufundisha mwenyewe."

"Kisu je, kakufundisha nani?"

"Mama, Mwalimu. Kwa sababu ya maji."

Kitabu nikakipeleka nyumbani nimekifunga kwenye kanga. Mama akakitazama, akasema, "Kisome. Lakini kesho bondeni unakwenda."

Leo naishi Masasi mjini. Watoto wa siku hizi kuku wanamjua akiwa kwenye mfuko wa nailoni. Waulize gole liko wapi, watakuonyesha goti. Wangu nimekataa. Juzi Asha amesafisha kuku wake wa kwanza, bomba nimelifunga, kata moja nimempimia. Nyongo haikupasuka. Tumekaa kula, shemeji yangu anaichukua firigisi kwenye sahani ya mwanangu: "Mama Asha, mtoto wa kike hali firigisi."

Nikaipokonya, nikairudisha. "Shemeji, kwanza tuambie ndani yake mlikuwa na nini."

Akajimiminia mchuzi.

"Asha, mwambie Baba Mdogo."

"Changarawe. Kuku hana meno."

Akaila yote, taratibu, macho kwa baba yake mdogo. Enzi zetu tulijua kuku alivyo ndani bila maabara wala bomba, na ninajivunia. Ila zile firigisi zote nilizozimenya Kitangari, sikuonja hata moja. Ya kwanza niliila nikiwa na mtoto mgongoni. Asha ya kwanza ameila akiwa na miaka saba.