Minazi ya Shangazi na Mswada wa Ardhi

Mwaka niliorudi Msambweni na shahada yangu, nchi ilikuwa ingali mpya, na Bunge lilikuwa na mabaraza mawili: la Wawakilishi na la Seneti. Redio ikatangaza kwamba mswada wa ardhi umesomwa kwa mara ya kwanza. Ukipita, mwenye ardhi angekuwa mwenye kila kilichomea juu yake.

Kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa shambani mwa mwingine. Minazi ya shangazi yangu, urithi wa mamake, ilikuwa katika ardhi ya jirani. Nilipofika kumwamkia nilimkuta amekwisha kumleta mkwezi, anamwamuru aangue nazi zote, hata vitale, zile changa zisizofaa kitu.

"Shikamoo, shangazi. Sheria bado haijapita."

"Marahaba. Si imesomwa? Nimeisikia mwenyewe."

"Mwache aangue," jirani, aliyesimama kando akitazama, alisema akicheka. "Atanipunguzia kazi."

Nikaeleza. Kusomwa mara ya kwanza ni mshenga kupiga hodi tu. Mara ya pili wabunge hujadili kama wanautaka. Kisha kamati huupitia kifungu kwa kifungu, na hapo maneno huweza kubadilishwa. Ukisomwa mara ya tatu hupigiwa kura, ukaenda Seneti kuanza upya, ndipo Rais atie sahihi.

"Mimi ningekwisha kuoa kwingine," mkwezi alisema kutoka juu.

"Una hakika?" shangazi aliniuliza.

"Nina hakika. Ila..." Nilikuwa nimeanza kuwaza: je, wakifanya haraka? Je, kamati ikiwa na usingizi?

Shangazi alimwita mkwezi ashuke, kisha akamgeukia jirani. "Wewe cheka tu. Na minazi yako ya Kikoneni, shamba ni la nani?"

Jirani akaacha kucheka. "La shemeji yangu."

"Yule msiyesalimiana naye?"

Ijumaa baada ya sala, jirani ndiye aliyetangulia njiani kwenda kwa mbunge wetu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Sikuitoa; shangazi na jirani walisema kwa pamoja mpaka mbunge akainua mikono, akaahidi kulipeleka jambo hilo kwenye kamati.

Nilikonda kwa kusubiri. Hatimaye redio ikasema kifungu kimerekebishwa: aliyepanda atabaki na miti yake. Seneti nayo ikakubali. Shangazi akapika wali, jirani akaleta samaki, changu wa kukaanga.

"Bado sahihi ya Rais," nilisema. "Na akikataa?"

"Huyu hata peponi atauliza kama mlango umesomwa mara ya tatu," jirani alisema, na shangazi akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Rais alitia sahihi. Kesho yake shangazi alibeba mche mpya wa mnazi hadi shambani mwa jirani, akaanza kuchimba.

"Sogea kule kidogo," jirani alimwambia, akimpokea jembe. "Hapa ndipo ninapopumzikia. Utakuja kuniangushia nazi kichwani, na sheria iko upande wako."