Kiti cha Gari la Kyalo

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa usafiri wa shirika letu la kuchimba visima, pale mjini Wote, alinipa ufunguo wa pikapu kuukuu. "Washa nione," akasema. Nikaketi. Mguu haukufika kwenye klachi mpaka niteleze mbele, na nikiteleza naona usukani na mbingu tu. Reli, vile vyuma viwili vya sakafuni ambavyo kiti hutembea juu yake, zilikuwa zimeshika kutu kiti kikiwa nyuma kabisa.

"Madam, hii gari haikutengenezewa watu wa saizi yako," mkuu akasema.

Jioni hiyo nilishona mito miwili, wa mgongoni na wa kukalia.

Ninyi mnaoanza udereva, kiti hurekebishwa hivi. Kaa ndani kabisa, makalio yaguse kiegemeo. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi chini goti libaki limekunjika kidogo. Kiinue uone barabara vizuri juu ya usukani. Nyoosha mikono, vifundo vyake vifike juu ya usukani bila mgongo kutoka kitini. Kiegemeo cha kichwa kiwe sawa na masikio. Vioo ni vya mwisho, maana ukisogea baadaye vyote vinakudanganya.

Haya yote niliyajua na sikuweza kuyafanya. Mto huteleza ukipiga breki ya ghafla, na mshipi wa usalama hupanda kutoka nyonga hadi tumboni. Nilipita hivyo kwenye kona za Kilungu miaka mingi. Kanisani nilisimama nyuma wengine wakikaa, kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

Nilipohamishiwa Mutomo nilienda na pikapu yangu. Huko shirika likaleta gari jipya. Nililikagua kabla ya mtu yeyote: ubavuni mwa kiti kulikuwa na mkono, ukiuvuta mara kadhaa kiti kinapanda. Nikaenda kwa meneja wa kituo kuliomba.

"Hiyo tumepatia Kyalo," akasema. "Kyalo ni mrefu, anatoshea vizuri."

Mtu anayetoshea kila kiti ndiye aliyepewa kiti kinachopanda! Kyalo alikuwa kijana mpole wa Mbooni. Aliniita mwaitu, yaani mama, na kunibebea mitungi ya maji bila kuombwa. Upole wake ulinikera zaidi. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha. Kila alipoegesha karibu nami nilichungulia dirishani, na kila mara kiti kilikuwa chini vilevile kilivyotoka dukani.

Wiki ya kustaafu, pikapu ikiwa kwa fundi, meneja alimwambia Kyalo anipeleke Wote kuagwa. Tulipotoka mjini nikamwambia asimamishe.

"Leo naendesha mimi."

Akashuka, akazunguka upande wa abiria. Mkono wa kiti ulikuwa bado na nailoni yake. Niliipasua. Nikavuta, nikavuta tena, kiti kikanipandisha mpaka nikaiona boneti yote. Nikakivuta mbele, goti likakaa sawa.

Kyalo alinitazama. "Mwaitu, kumbe hii kiti inapanda?"

"Inapanda."

"Si ungeniambia tubadilishane? Mimi ile pikapu yako ingenitosha sawasawa. Miguu yangu inataka hiyo nafasi ya nyuma."

Niliendesha hadi Wote mgongo umetulia kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na hasira kuliko siku zote za maumivu.

Sasa niko nyumbani. Nikiona msichana amekaa vizuri nyuma ya usukani, mshipi uko nyongani, namwonea kijicho hadi naangalia kando. Lakini ninamtakia mema. Binti yangu, kama kiti chako hakikufai, omba kingine. Mkubwa akikunyima, usiishie kwake kama mimi. Nenda kwa aliyepewa, umuulize kama anakitaka.