Homa ya Wanaume Watupu

Nakiri mapema: niliandika upuuzi wangu kwenye daftari la mama la kisomo cha watu wazima. Langu lilikuwa limejaa picha za mwalimu mkuu mwenye mkia, na lake lilikuwa na kurasa tupu nyuma.

Hadithi ilikuwa ya mwaka elfu mbili, ambao wakati ule ulikuwa bado mbali. Daktari anapika ugonjwa kwenye chupa, anaufundisha kuua wanaume tu. Hapa Mogitu anabaki kijana mmoja mwenye sura nzuri, yaani mimi, na wanawake wa kijiji kizima cha ujamaa wanapanga zamu ya kumletea maziwa.

Nikasahau kuwa wiki ile ni mtihani wa watu wazima. Mama alishafeli mara moja, na safari hii alikikariri kitabu chote. Ukurasa wa samadi hata mbuzi wetu waliujua. Lakini mkaguzi aliyetoka Katesh alishawazoea wakariri. Akasema, “Kitabu weka pembeni, mama. Lete daftari.” Akalifungua kwa nyuma.

Mimi dirishani nikatamani ile homa inianze mimi.

Mama akaweka kidole. “Wa-na-u-me wo-te wa-ka-fa.”

Jirani yetu, mwanafunzi mwenzake, akauliza, “Maji akachota nani?”

“Ngoja, sijafika.” Kidole kikasogea. “Wa-na-wa-ke.”

“Na kuni?”

“Wanawake.” Hapo hakukata silabi tena.

“Sasa hiyo homa imebadilisha nini?”

“Pombe ingebaki!” akajibu mzee mmoja wa dawati la nyuma, na darasa likaangua kicheko. Mama hakucheka. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, maziwa na sura nzuri humo humo.

Mkaguzi akafuta machozi. “Umetunga wewe, mama?”

Mama akatazama dirishani. “Upuuzi si wangu, bwana mkaguzi. Kusoma ndiko kwangu.”

Akafaulu.

Jioni nikamsubiri nyumbani, nimevaa kaptula mbili kwa ajili ya fimbo. Fimbo haikuja. Ilikuja ndoo, na kwetu kijana wa umri wangu akionekana na ndoo kichwani, wenzake humwimbia mwezi mzima. Mama akaniwekea miguuni, akasema:

“Nimesoma yote, sikuona mahali huyo kijana mzuri alipofanya kazi. Nenda kisimani ukamalizie hadithi.”