Miwaridi Mwitu ya Baba Mdogo Mwadime

Magazeti ya zamani yakilowa halafu yakakauka yana harufu yake, ya uchachu kidogo, kama unga uliosahauliwa ndani ya debe. Kila nikiinusa, popote nilipo, narudi moja kwa moja kwenye nyumba ya Baba Mdogo Mwadime kule Gahanna, pembeni mwa jiji la Columbus. Nilikuwa na miaka kumi. Wazazi wangu walifanya kazi kwenye maghala ya Okolona, kusini mwa Louisville, baba zamu ya mchana na mama zamu ya usiku, na shule zilipofungwa kiangazi hapakuwa na mtu wa kushinda nami. Basi baba akanipakia garini, tukapanda hadi Ohio, akanikabidhi kwa mdogo wake pamoja na sanduku la nguo na onyo la kutosumbua watu. Nyumba ile haikuwa hata na mahali pa kuweka sahani. Meza ya kulia, kochi, hata ngazi za kushukia chumba cha chini, kote kulitandazwa magazeti, na ndani ya kila gazeti mlilazwa tawi la mwaridi mwitu likisubiri kukauka. Tulikula tukiwa tumepakata sahani zetu.

Baba Mdogo alitoka Taita kuja kusomea mimea, na wakati huo alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu miwaridi mwitu. Watu wengi wakisikia waridi huwaza maua ya harusi, yale mazito yenye petali zisizohesabika. Hayo aliyadharau kabisa, alisema ni maua yaliyodekezwa. Mwaridi mwitu una petali tano basi, unajitafutia maji wenyewe, na miiba yake haina adabu. Asubuhi tulizunguka kingo za vijito na kando za barabara, mimi na mfuko, yeye na mkasi, akinifundisha kutazama. Hakutaka nianze na ua. Ua ni la nyuki, alisema, na mimi si nyuki. Nianze na mwiba: ukiwa umepinda kama kucha ya paka na mti umesimama kwenye tope, huo ni mwaridi wa kinamasi, ukiwa mwembamba na umenyooka, ni ule mfupi wa malishoni. Kisha niangalie jani linapoungana na tawi. Pakiwa na vinyweleo kama kope, basi huyo ni mgeni aliyeletwa kutoka Asia awe uzio wa mashamba, akakataa kukaa alipowekwa, sasa yuko kila mahali. Nikamwambia kumbe ni kama sisi. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Aliniambia pia kwamba Afrika yote kusini mwa jangwa ina mwaridi mwitu mmoja tu wa asili, wenye maua meupe, unaoota nyanda za juu za Uhabeshi na majirani zake, na alivyousifu ungedhani ni mtoto wa ndugu yake aliyefaulu mtihani.

Kilichomkera ni habari ya majina. Wataalamu wa kale, alinieleza, walikaa Ulaya wakiletewa kwa meli kijitawi kimoja kikavu, wakakitazama kwa kioo cha kukuzia, wakatangaza spishi mpya. Mwenzao akaletewa kijitawi cha mwaridi huohuo, ila huu uliota kivulini, naye akatangaza yake. Miwaridi huchanganya damu ovyo na hubadilika kwa udongo na jua, kwa hiyo mti mmoja ulijikuta na majina chungu nzima, na kazi ya Baba Mdogo ilikuwa kushinda mbele ya makabati ya mimea mikavu ya chuo akitafuta nani ni nani. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia hata tukila ugali: usitoe hukumu kwa kuangalia mti mmoja. Tazama wenzake, tazama ulikoota, rudi tena msimu mwingine, ndipo useme. Mimi nilimwona mtu mwadilifu kuliko wote duniani. Wahenga wanasema mganga hajigangi, lakini mtoto wa miaka kumi atayajulia wapi hayo?

Mkewe, Mama Mdogo Wakesho, alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mrefu, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Nikimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa Okolona, alijifanya kiziwi, akaendelea kukatakata sukuma wiki mpaka nirudie kwa Kiswahili. Kiswahili hiki ninachoandika ni mali yake. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Kanisani wanawake wote waliitwa Mama Fulani, yeye peke yake akaitwa Dada Wakesho, na niliona alivyoitikia, kwa tabasamu lililochelewa kidogo. Kila Jumamosi nyanya yangu alipiga simu kutoka Wundanyi. Baada ya salamu na habari za mvua, lilifuata lilelile: mwanangu, mficha uchi hazai, waeleze madaktari kila kitu. Mama Mdogo akajibu ndiyo mama, nimesikia mama. Na kweli alikuwa amewaeleza kila kitu. Walimpima kila palipopimika, wakamwambia hawaoni kasoro, sasa aje na mumewe. Mumewe hakwenda. Mara ana darasa, mara kuna mvua, mara kuna waridi linalochanua wiki hii tu. Haya nayajua kwa sababu kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na watu wazima hudhani mtoto anayechora hasikii. Methali ile ya nyanya hakuna aliyewahi kumtupia mwanamume, na jambo hilo linanikasirisha hadi leo.

Nyuma ya nyumba, kwenye uzio, palikuwa na mwaridi mmoja mtambazi, wenye vijani vitatu vitatu, maua yake yanafunguka yakiwa ya rangi ya waridi iliyokolea halafu yanafifia mpaka karibu na weupe. Baba Mdogo aliung'oa kando ya barabara kabla matingatinga hayajafika. Kila mwaka ulijaa maua na kila mwaka haukuzaa hata tunda moja. Mama Mdogo alitaka ukatwe, nafasi ile apande maharagwe. Mchana mmoja Baba Mdogo akatuita wote wawili uani atueleze kwa nini asiukate. Spishi hii, alisema, iliwadanganya wataalamu kwa muda mrefu. Ua lake lina sehemu za kiume na za kike, kwa macho limekamilika, na ndivyo walivyoandika vitabuni. Kumbe miti yake ina dume na jike. Chavua ya mti jike haioteshi chochote, ni ya kuwaghilibu nyuki tu. Mti dume una chavua nzima lakini haushiki tunda. Huu wa kwetu uko peke yake, hauna kosa lolote, na hata akiwa jike hatazaa mpaka aje mwenzake. Alisema hayo kwa furaha, mikono imejaa mikwaruzo. Mama Mdogo alimtazama kwa muda, si ua, yeye, kisha akaingia ndani akabandika maji ya chai. Baba Mdogo akaniuliza mkewe ana nini. Jamani! Mtu anayeona kinyweleo kwenye kikonyo cha jani!

Mwanzoni mwa Agosti, Jumapili baada ya ibada, kikundi cha maombi kikaja nyumbani. Walikuwa watu wema, sitaki kuwasema vibaya. Walileta chapati na kuku, wakayasogeza magazeti kwa uangalifu wapate pa kuketi. Wakaomba Mungu afungue tumbo la dada yetu. Wakamweka Mama Mdogo kwenye kiti katikati ya sebule na kumwekea mikono kichwani na mabegani, na mama mmoja akaweka wake tumboni. Baba Mdogo alisimama mlangoni kati ya wanaume, akiitikia amina. Hakuna aliyemwekea yeye hata kidole. Mama Mdogo alifumba macho, na mimi nilikuwa naiona mikono yake, ile isiyotulia, imelala mapajani kama si yake. Wageni walipoondoka bado jua lilikuwa juu. Baba Mdogo akarudi kwenye mbao zake za kukandamizia mimea, akaanza kukaza mikanda.

Mama Mdogo hakupaza sauti. Alisimama upande wa pili wa meza, vyombo vichafu mkononi, akasema, "Mwadime, wewe huandiki jina la mwaridi kwa kuangalia mti mmoja. Mimi nimeandikwa tasa kwa kupimwa peke yangu."

Baba Mdogo alikaza mkanda mpaka ukalia. Akasema si yeye aliyemwita tasa. Mama Mdogo akajibu kwamba ni kweli, si yeye, yeye alisimama tu mlangoni. Kisha akamwambia miadi ni Alhamisi, saa nne asubuhi, daktari anawataka wote wawili, na akimkatalia safari hii hatamwomba tena. Baba Mdogo akasema atakwenda. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilifurahi kana kwamba mwenye shida alikuwa mimi.

Alhamisi Baba Mdogo aliniamsha kabla hakujapambazuka vizuri. Mama Mdogo alikuwa bado hajarudi kutoka zamu ya usiku. Baba Mdogo alisema twende mara moja tu kinamasini, kuna miwaridi anataka kuiona tena, tutarudi mapema. Tulifika, tukachuma matawi machache, halafu akaketi kwenye gogo na hakunyanyuka. Maua ya mwisho ya msimu yalikuwa yanapukutika majini na kurundikana kwenye matete. Jua likapanda. Nilikuwa na saa ya plastiki mkononi, nikamwambia saa nne inakaribia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali darasani na hajui jibu. "Mghoi," akasema, "nikiambiwa ni mimi, nyumba ile nitaingia kama nani?" Leo nina umri aliokuwa nao yeye siku ile, na nafikiri alikuwa anaogopa kwelikweli. Aliwaza kaka yake, mama yake, wanaume wa mlangoni. Tulirudi mchana. Mama Mdogo alikuwa jikoni na sare yake ya kazi, hajabadilisha. Alitupakulia chakula. Aliniuliza mimi kama nimelowa miguu, na hakumuuliza mumewe kitu.

Nilirudishwa Louisville shule zilipofunguliwa. Majira ya kuchipua yaliyofuata Mama Mdogo akahamia Buffalo, kwa rafiki yake waliyesoma naye uuguzi, na nyumbani kwetu Okolona jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini na kwa ukatili. Baba alisema mwanamke asiye na mtoto hana kinachomshika. Nyanya alilia kwenye simu, kisha akauliza kama Mwadime ameshapata mwingine. Alipata, baada ya miaka kadhaa. Huyo alikuwa mkali. Alimwambia kabla hata ya mahari kwamba hospitali watakwenda wote. Akaenda. Baba Mdogo akakutwa na kasoro ndogo, ya kurekebishwa kwa upasuaji wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sasa ana binti, msichana mcheshi anayejua majina ya Kilatini ya miwaridi kuliko nilivyoyajua mimi, nami nampenda, na kila nikimkumbatia moyo wangu unaingia kokoto. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, lakini nimegundua kwamba huweza kumjia hata asiyetenda kosa. Baba yangu hajawahi kuirudia ile kauli yake kuhusu kinachomshika mwanamke. Hajaomba radhi pia. Amenyamaza tu, kama ukoo mzima.

Mwaka huu mimi na mume wangu tuliingia kwenye kliniki moja hapa Louisville kwa shida hiyohiyo. Muuguzi alituita kwa pamoja, akatupima kwa pamoja, na hakuna aliyeshangaa. Kwenye chumba cha kusubiri palikuwa na wanaume wengine, mmoja anasinzia, mwingine anatazama mpira kwenye simu. Tulitoka kabla ya chakula cha mchana. Kitu kilichoivunja nyumba ya Gahanna kilituchukua asubuhi moja, na garini nililia mpaka mume wangu akadhani majibu yamenitisha.

Nikamfuata Mama Mdogo Cheektowaga, anakoishi peke yake kwenye nyumba safi karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo. Nywele zimeanza mvi, mikono bado haitulii. Nilimweleza yote, pamoja na yale ya kinamasini, maana hakuwahi kujua tulikuwa wapi ile Alhamisi. Alisikiliza huku akikunja nguo. Habari ya upasuaji ule mdogo alikuwa ameshaisikia, Buffalo si mbali hivyo kwa maneno ya watu. Lakini swali la Baba Mdogo, lile la ataingia nyumbani kama nani, lilikuwa geni kwake. Aliliweka shati mezani. Akakaa.

"Si angeniambia," alisema. "Wangesema ni yeye, ningerudi naye nyumbani nikawaambia watu wote ni mimi. Walikuwa wanaamini tayari. Ingenigharimu nini?"